Jinsi ya kuanzisha rejista ya pamoja ya wagonjwa wa saratani ya thairoidi kwa ajili ya utafiti

Maswali ni yale yale kila mara. Tutumie programu gani? Tukusanye vipengele vingapi? Mgonjwa akipasuliwa kituo kimoja na kunywa iodini yenye mionzi kituo kingine, ni wa nani? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa vituo viwili au zaidi vinavyotaka kuweka data mahali pamoja na kuitumia kwa utafiti, bila timu kubwa ya wataalamu wa kompyuta.

Kanuni moja itajirudia hadi mwisho: andika kilichoonekana au kilichopimwa, usiandike hitimisho. Hatua ya ugonjwa, kiwango cha hatari, "amepona", "umerudi", yote hayo ni mahitimisho, na vigezo vyake hubadilika. Mtu wa miaka 50 mwenye saratani ya papilari ya milimita 25, iliyofika kwenye tezi za limfu za pembeni mwa shingo bila kusambaa mbali, alikuwa hatua ya IVA kwa toleo la 7 la AJCC, mfumo wa Marekani wa kupanga hatua za saratani. Kwa toleo la 8, lililoanza kutumika Januari 2018, mtu huyo huyo ni hatua ya I. Ukiwa umeandika "IVA" tu, huna la kufanya. Ukiwa umeandika umri, milimita na mahali pa tezi, kompyuta itakokotoa upya kwa sekunde moja.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Usifungue kompyuta kabla hujawa na haya:

- Swali moja hadi matatu ya utafiti, yaliyoandikwa na kukubaliwa na vituo vyote.
- Kibali cha kamati ya maadili ya kila kituo. Azimio la Taipei la Chama cha Madaktari Duniani, lililorekebishwa 2016, linahusu hifadhidata za afya. Lisome kabla ya kuandika fomu ya ridhaa.
- Mkataba wa kugawana data, uliotiwa saini na wenye mamlaka ya kituo. Ahadi ya daktari mmoja haitoshi.
- Mtu mmoja kila kituo mwenye saa za kazi zilizotengwa kwa ajili ya kuingiza data. "Tutasaidiana" maana yake hakuna atakayefanya.
- Mwanapatholojia, daktari wa upasuaji, mtaalamu wa homoni, wa tiba ya nyuklia na wa maabara, hata kwa mikutano mitatu tu ya kukubaliana maana za maneno.
- Seva yenye nakala rudufu ya kila siku. Nakala hiyo ikae mahali pengine, na uwe umeshawahi kujaribu kuirudisha.

Kuhusu programu: REDCap inatosha kwa walio wengi. Chuo Kikuu cha Vanderbilt huitoa bila malipo kwa taasisi zisizo za kibiashara zinazojiunga na ushirika wake, na ina vikundi vya ruhusa vinavyofanya kila kituo kione wagonjwa wake tu. Majedwali ya Excel yasiwe rejista. Hugeuza tarehe kimyakimya, hayatunzi kumbukumbu kamili na ya kudumu ya nani alibadilisha nini, na baada ya miezi sita utakuta nakala nne zinazotofautiana.

Hatua 1. Amua nani anaingia

Andika sentensi moja isiyo na mwanya. Kwa mfano: "Kila mgonjwa aliyethibitishwa kuwa na saratani ya thairoidi (msimbo C73 wa orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD) kwa seli au kwa kipande cha nyama, kuanzia tarehe fulani, awe ametibiwa au la." Neno "kila" ndilo la kulindwa. Ukiwaingiza waliorudi kliniki tu, au waliokubali upasuaji tu, unajenga rejista ya watu wenye bahati.

Amueni pia kuhusu NIFTP. Mwaka 2016 uvimbe huu, ambao awali uliitwa aina ya folikula ya papilari iliyofungwa na isiyovamia, uliondolewa kwenye orodha ya saratani. Wagonjwa wa zamani walioandikwa chini ya jina la kale msiwafute. Waingizeni, muwawekee alama, na mtafiti ataamua kama awahesabu.

Hatua 2. Panga majedwali kabla ya vipengele

Kosa la wanaoanza ni kumpa mgonjwa mstari mmoja mrefu wenye safu za "upasuaji 1", "upasuaji 2", "iodini 1"... Mgonjwa wa tano atakuwa na upasuaji wa tatu, na jedwali litapasuka. Tenganisha:

- Mgonjwa: mwezi na mwaka wa kuzaliwa, jinsia, tarehe alipoonwa kwa mara ya kwanza na kituo chako.
- Upasuaji: mstari mmoja kwa kila operesheni.
- Patholojia: mstari mmoja kwa kila ripoti.
- Iodini yenye mionzi: mstari mmoja kwa kila dozi.
- Tiba nyingine: mionzi ya nje, dawa.
- Vipimo vya damu: mstari mmoja kwa kila siku ya kutoa damu.
- Picha: altrasaundi, skani na nyinginezo.
- Ufuatiliaji: mstari mmoja kwa kila mahudhurio.

Yote yaunganishwe kwa namba moja ya mgonjwa. Kipande cha kwanza cha thairoidi kikitolewa Machi na kilichobaki kikatolewa Mei, hiyo ni saratani moja yenye operesheni mbili. Si wagonjwa wawili.

Hatua 3. Chagua vipengele, kisha punguza

Mkutano wa kwanza utazaa vipengele 300. Kila mtaalamu ataomba vyake, na kila ombi litakuwa na mantiki. Rudi kwenye maswali ya utafiti: kipengele kisichojibu swali lolote kitolewe. Kwa rejista inayoanza, vipengele 60 hivi ni mzigo wa kutosha. Vingine vitaongezwa rejista ikishasimama.

Visivyokosekana ni hivi:

- Tarehe ya utambuzi, na ni tukio gani lililotumika kuipata.
- Kundi la Bethesda, mfumo wa kupanga matokeo ya sampuli ya sindano (I hadi VI), na toleo la mfumo huo.
- Aina ya saratani kwa msimbo wa ICD-O-3 (orodha ya kimataifa ya aina za saratani): 8260/3 kwa papilari, 8330/3 kwa folikula, 8021/3 kwa anaplastiki, na kadhalika. Weka pia maneno halisi ya ripoti kama yalivyo.
- Ukubwa wa uvimbe mkubwa zaidi kwa milimita, na idadi ya vinundu vyenye saratani.
- Saratani kutoka nje ya thairoidi: kwa hadubini tu, au kulikoonekana kwa macho wakati wa upasuaji. Tenganisha haya mawili. Toleo la 8 la AJCC halihesabu kule kwa hadubini katika T3 (daraja la ukubwa na uenezi wa uvimbe), toleo la 7 lilihesabu.
- Uvamizi wa mishipa ya damu, na idadi ya mishipa iliyovamiwa.
- Tezi za limfu zilizochunguzwa, zilizokutwa na saratani, na eneo lake shingoni.
- Kusambaa mbali: kiungo gani, kwa kipimo gani, lini.
- Vinasaba vilivyopimwa: BRAF V600E, RAS, TERT, RET na vingine. "Haikupimwa" na "hasi" ni majibu mawili tofauti.

Hatua 4. Andika kamusi ya data

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi hupita haraka. Kila kipengele kiwe na jina, maana, kipimo, majibu yanayoruhusiwa, mahali pa kukitafuta kwenye faili, na cha kufanya kisipopatikana. Vipengele vinne huleta ugomvi katika karibu kila rejista.

Tarehe ya utambuzi. Wapo wanaoandika siku ya sindano, wengine siku ya operesheni, wengine siku ripoti ilipochapwa. Mgonjwa aliyechomwa sindano akiwa na miaka 54 na miezi 11, akapasuliwa baada ya miezi miwili, anavuka mstari wa miaka 55 unaotenganisha hatua za ugonjwa. Pendekezo: tumieni siku sampuli ya kwanza iliyothibitisha saratani ilipochukuliwa. Ripoti ya Bethesda III au IV haijathibitisha kitu. Hapo tarehe itakuwa ya operesheni.

Ukubwa. Patholojia huandika sentimita, fomu yako inataka milimita. Karani akiandika 1.2 kwenye kisanduku cha milimita, uvimbe wa milimita 12 unageuka kapunje ka milimita moja, na hakuna kikomo kitakachomkamata kwa sababu saratani za milimita moja zipo kweli. Dawa yake: kisanduku kikatae nukta ya desimali kabisa. Anayelazimika kuandika namba nzima hulazimika kufikiri kipimo.

Thairoglobulini, protini ya seli za thairoidi inayopimwa kwenye damu kufuatilia ugonjwa. Namba peke yake haina maana. Kila mstari uwe na vitu saba: tarehe ya damu, thamani, alama ya "chini ya" kama ipo, kipimo, jina la seti ya vitendanishi vya maabara, TSH (homoni inayoichochea thairoidi) ya siku hiyo, na kingamwili dhidi ya thairoglobulini. Kingamwili zikiwepo, vipimo vingi vinavyotumika sasa huonyesha thairoglobulini ya chini kuliko ilivyo, na mgonjwa mwenye ugonjwa ataonekana safi. TSH ikiwa imepandishwa, thairoglobulini hupanda. Ikiwa imekandamizwa kwa dawa, hushuka. Seti mbili tofauti za vitendanishi zinaweza kutoa namba mbili kwa damu ile ile. Na aliyebakiwa na nusu ya thairoidi hasomwi sawa na aliyetolewa yote. Nanogramu kwa mililita na mikrogramu kwa lita ni namba ile ile, kwa hiyo hapo hakuna cha kubadili.

Maabara ikiandika "<0.1", usiandike 0 wala 0.1 tupu. Weka "<" kwenye kisanduku chake na 0.1 kwenye chake.

Madhara ya upasuaji. Usiulize "kupooza kwa kamba za sauti: ndiyo/hapana". Uliza tarehe ya kuangaliwa koromeo kwa kioo au kamera, na kilichoonekana kila upande. Usiulize "upungufu wa kudumu wa homoni ya parathairoidi" (PTH, ya tezi ndogo zilizo nyuma ya thairoidi). Uliza kalsiamu, PTH, na kama mgonjwa bado anameza kalsiamu au vitamini D miezi 6 na miezi 12 baadaye. Wengine huita "kudumu" baada ya miezi 6, wengine 12. Ukiwa na vyote viwili, ugomvi huo haukuhusu.

Kwa saratani ya medula fungua ukurasa wake: kalsitonini na CEA (alama zake kwenye damu), na matokeo ya RET kwa damu na kwa uvimbe, kila moja peke yake. Usiwachanganye na ukurasa wa thairoglobulini. Seli za C, zinazozaa saratani ya medula, hazitengenezi thairoglobulini.

Hatua 5. Weka vipimo sawa na sababu za kukosekana

Iodini iandikwe kwa MBq (megabekereli, kipimo cha mionzi). Milikuri 1 ni MBq 37, hivyo milikuri 30 ni MBq 1,110 na milikuri 100 ni MBq 3,700. Weka onyo lijitokeze namba ikiwa chini ya 500 au juu ya 9,000. Litakamata wengi walioandika milikuri au GBq (MBq 1,000). Onyo, si kufuli, maana dozi zisizo za kawaida zipo.

Tarehe ziwe mwaka-mwezi-siku, kwa mfano 2023-04-07. Kituo kimoja kinachoanza na siku na kingine kinachoanza na mwezi vitakupa Aprili na Julai kwa mgonjwa mmoja. Siku isipojulikana, weka 15 na ujaze kisanduku cha pembeni: "mwezi tu unajulikana".

Kwa kinachokosekana, tumia sababu tatu zenye maneno: "haikupimwa"; "ilipimwa lakini matokeo hayapatikani"; "haihusiki". Usitumie 99 wala 999. Siku moja mtu atakokotoa wastani wa thairoglobulini bila kuzitoa.

Hatua 6. Tatua suala la mgonjwa mmoja, vituo viwili

Kwa thairoidi jambo hili si la pembeni, ni la kila wiki. Anapasuliwa hapa, anapewa iodini kule, anafuatiliwa mahali pa tatu. Bila kuunganisha, utahesabu saratani tatu kwa mtu mmoja, na wawili kati yao watakuwa "wamepotea".

Majina yasitumwe kwenye rejista kuu. Badala yake kila kituo kitengeneze alama ya siri kwenye kompyuta yake:

1. Andika majina kwa herufi kubwa, ondoa nukta, vistari na nafasi, kisha yapange kwa alfabeti.
2. Ongeza tarehe kamili ya kuzaliwa kwa tarakimu nane, na jinsia. Tarehe hii haitoki kituoni. Rejista kuu hupata mwezi na mwaka tu.
3. Pitisha yote kwenye HMAC-SHA-256 (njia ya kompyuta inayogeuza maandishi kuwa alama isiyosomeka) kwa ufunguo wa siri unaojulikana na vituo tu. Anayetunza rejista kuu asiwe nao.
4. Tengeneza alama tatu: moja ya majina yote, ya pili ya jina la kwanza na tarehe, ya tatu ya jina la mwisho na tarehe.
5. Alama yoyote ya mgonjwa wa kituo kimoja ikilingana na ya kituo kingine, rejista kuu iwaarifu wasimamizi wa vituo husika. Wao ndio watakaofungua mafaili yao na kuthibitisha.

Usiruke ufunguo wa siri. SHA-256 tupu, yaani bila ufunguo, inavunjika kirahisi: mwenye orodha ya majina ya kawaida na tarehe zote za kuzaliwa za miaka mia moja atayajaribu yote kwa muda mfupi. Na alama tatu zipo kwa sababu "Mohamed" na "Muhammad" hutoa alama zisizofanana hata kidogo. Tofauti ya herufi moja inatosha.

Orodha inayounganisha jina na namba ya rejista ibaki kituoni, kwenye faili lililofungwa kwa nenosiri, mbali na rejista yenyewe.

Hatua 7. Jaribu kwa wagonjwa 20 kila kituo

Chagua 20 mfululizo, wasiwe wale wenye mafaili mazuri. Watu wawili wajaze mafaili yale yale bila kuonana, kisha linganisha. Wakitofautiana kwenye kipengele zaidi ya mara mbili katika 20, tatizo liko kwenye kamusi, si kwa karani. Rekebisha maana, jaribu tena. Pima pia muda wa kila faili. Hapo utajua kama saa ulizotenga zinatosha, na mara nyingi hazitoshi.

Hatua 8. Anza, na ukague kila mwezi

Mwisho wa mwezi omba maabara ya patholojia orodha ya saratani zote za thairoidi, ulinganishe na walioingia. Pengo likionekana mwezi huo linazibika. Baada ya mwaka mafaili yameshatawanyika. Asilimia 10 ya walioingia wachukuliwe kwa bahati nasibu na kujazwa upya na mtu mwingine.

Hatua 9. Panga ufuatiliaji wa miaka mingi

Saratani hii inaweza kurudi baada ya miaka 10, 20 au zaidi, na wagonjwa wengi huishi. Rejista ya miaka mitatu itakuambia machache sana kuhusu papilari. Weka tarehe ya mwaka ambayo kila mgonjwa lazima awe na mstari mpya, hata kama ni wa simu tu.

Tarehe ya "kuonwa mara ya mwisho" ni siku mgonjwa alipoonekana au kuzungumza akiwa hai. Si siku karani alipofungua faili. Kosa hili huwafanya watu ambao hawajaonekana kwa miaka mitano waonekane wazima mpaka leo.

Usiandike "umerudi". Andika: kidonda kimeonekana, wapi, kwa picha gani, lini, na kama kimethibitishwa kwa sindano. Kati ya ugonjwa uliorudi na ule ambao haukuwahi kuisha, mtafiti atatenganisha kwa tarehe.

Hatua 10. Toa data kwa utaratibu

Fungeni nakala mara mbili kwa mwaka na muipe namba ya toleo. Kila andiko litaje namba hiyo. Mtafiti apewe siku tangu utambuzi badala ya tarehe halisi, na umri kwa miaka. Jedwali lenye kisanduku chochote cha watu chini ya 5 lisitoke. Mgonjwa wa anaplastiki mwenye miaka 38 katika kituo kidogo anajulikana na wafanyakazi wote wa wadi, namba au bila namba.

Kanuni za nani anatajwa kama mwandishi ziandikwe sasa, wakati hakuna andiko la kugombaniwa.

Mambo yakienda kombo

Thairoglobulini imepanda kwa wagonjwa wengi wa kituo kimoja mwezi mmoja. Maabara imebadilisha seti ya vitendanishi. Angalia kisanduku cha jina la seti kabla ya kumpigia mtu yeyote simu.

Kituo kimoja karibu hakina wenye saratani kwenye tezi za limfu. Tazama idadi zilizochunguzwa. Kama ni sifuri, hao si pN0 (waliothibitishwa kwa patholojia kuwa tezi hazina saratani). Hakuna aliyeangalia kwa hadubini. AJCC toleo la 8 hutenganisha N0a, iliyothibitishwa kwa seli au nyama, na N0b, isiyo na dalili kwa picha wala kwa mkono.

Tarehe nyingi zinaangukia 1 Januari. Mtu anajaza mwaka tu na programu inamalizia. Zuia hilo, na urudi kwenye mafaili hayo.

Wagonjwa waliohamishiwa kwenu wanaishi muda mrefu kupita kawaida. Ili wakufikie, ilibidi kwanza waishi mpaka siku ya kufika. Muda wao uhesabiwe kuanzia tarehe mlipowaona mara ya kwanza, na ndiyo maana kisanduku hicho kipo kwenye jedwali la mgonjwa.

Kituo kimeacha kutuma data. Mara nyingi hakijapata chochote tangu kianze. Kitumie kila robo mwaka ukurasa mmoja wa namba zake: wangapi wameingia, wangapi hawajaonekana zaidi ya miezi 18, wangapi hawana kipimo cha kingamwili. Orodha hiyo ya pili, ikibadilishwa kuwa majina na msimamizi wa kituo hicho, ni orodha ya watu wa kupigiwa simu Jumatatu.